Folda ya Draiva Iliyofutwa kwa Mkono: Kisa cha Steshenari Moja

Usuli

Steshenari hii ipo hatua chache kutoka geti la chuo, katika mji wa mkoani Tanzania. Nimeondoa jina la duka, la mji na kila kitu kinachoweza kuwatambulisha wahusika. Mwenye duka na kijana anayemsaidia wote wamekubali kisa kiandikwe, kwa sababu wanajua kuna maduka mengine mengi yanayoelekea kwenye kosa hili hili: kufuta kwa mkono draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa kama printa na flashi.

Kompyuta inayohusika ni ya kaunta. Ni desktop ndogo iliyotumika, iliyoingia nchini kutoka Dubai, yenye RAM ya GB 8, SSD ya GB 128 ambayo Windows huisoma kama GB 119, na Windows 10 Pro. Kila kazi ya duka inapita hapo: kuchapa, kuskani, picha za pasipoti, fomu za mtandaoni. Kwa miaka mitatu imeunganishwa na printa tano tofauti, skana mbili, na flashi za wateja ambazo hakuna awezaye kuzihesabu.

Kilichomsukuma kijana kuchukua hatua kilikuwa tatizo la kweli. Ilikuwa msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, foleni ikifika nje ya mlango, na PDF ndefu zilikuwa zinakwama katikati ya kuprinti. Kabla ya kutuma kazi kwenye printa, Windows huiandika kwanza kwenye diski, katika folda ya System32\spool\PRINTERS, na diski ilikuwa imebakiwa na GB 1.8. Kitabu cha kurasa 200 chenye picha kikishakuwa kazi ya printa huvimba mara kadhaa. Nafasi ilikuwa haitoshi.

Kilichotokea

Jioni ya siku ya kwanza, baada ya kufunga, kijana aliweka programu inayochora folda kwa ukubwa wake ili aone kinachokula diski. Akaiona C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository, ghala la draiva la Windows, ikiwa na zaidi ya GB 15. Ndani yake mlikuwa na folda mamia zenye majina ya kujirudia: jina lile lile mwanzoni, kisha mkia wa herufi na tarakimu uliotofautiana. Mtu yeyote angesema hizi ni nakala za zamani za kitu kimoja. Kwa baadhi yake angekuwa sahihi.

Windows ilimkatalia kufuta. Akatafuta mtandaoni, akapata maelezo ya kujimilikisha folda na kujipa ruhusa zote, akayafuata. Kisha akapanga folda kwa tarehe, akachagua zote zenye umri wa zaidi ya miaka miwili, akafuta moja kwa moja bila kupitia Recycle Bin. Mafaili machache yalikataa kwa kuwa yalikuwa yanatumika, akayaruka. Dirisha lilionyesha kwamba anafuta karibu GB 6. Alipomaliza, nafasi iliyoongezeka kwenye diski ilikuwa GB 2 na kitu. Aliniambia baadaye kwamba hapo moyo ulimshtuka kidogo, lakini kompyuta ilikuwa inafanya kazi vizuri, akaizima na kwenda nyumbani.

Asubuhi ilipowashwa, skrini ilikuja na maandishi makubwa, dirisha moja likijaza kioo kizima. Printa ya kawaida ilifanya kazi. Flashi ya duka ilifanya kazi. Mteja wa kwanza akachomeka flashi yake: mlio ulisikika, lakini hakuna kilichotokea. Mteja wa pili hivyo hivyo. Ndani ya Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vyote vya kompyuta, kila flashi mpya ilionekana na alama ya njano na ujumbe wa msimbo 28, yaani kifaa hakina draiva.

Kwa steshenari, flashi ya mteja kutosoma ni sawa na mlango kufungwa. Kijana, akiwa na watu kumi mbele yake, akashusha programu ya bure inayojitangaza kuwa itatafuta na kuweka draiva zote zinazokosekana. Iliweka draiva kumi na moja, ikaongeza programu mbili ambazo hakuziomba, na flashi hazikusoma. Saa sita mchana mwenye duka akanipigia.

“Fundi, njoo tafadhali, wateja wanaondoka.”

Nilipofika kijana alinisalimia, na kabla sijauliza chochote akasema, “Kaka, mimi nilifuta za zamani tu.” Nilimshukuru kwa kusema mapema. Kama angenyamaza ningepoteza nusu siku nikikagua milango ya USB.

Ghala la draiva lina nini ndani

Inafaa kusimama hapa, maana kosa lote limetokana na kuidhania folda hii kuwa mahali pa mabaki. Tangu Windows Vista, DriverStore ni ghala lenye daftari lake. Kila kifurushi cha draiva kina faili la .inf linaloeleza kifaa gani kinahudumiwa na vipi, faili la .cat lenye sahihi ya kuthibitisha kwamba hakijachezewa, na mafaili ya kazi yenyewe kama .sys na .dll. Kifurushi kikikubaliwa huwekwa kwenye FileRepository, na habari zake huandikwa kwenye rejista ya Windows. Vifurushi vya watengenezaji wengine hupewa namba, oem1.inf, oem2.inf na kuendelea.

Kifaa kipya kinapochomekwa, Windows huuliza daftari, kisha huenda ghalani kuchukua kifurushi. Kifaa ambacho kilishasajiliwa siku za nyuma hakipitii hatua hiyo tena. Ndiyo sababu flashi ya duka iliendelea kusoma na za wateja zikakataa: ile ya duka ilishaandikishwa, na faili la kazi, usbstor.sys, lilikuwa bado lipo System32\drivers. Za wateja zilihitaji usbstor.inf kutoka ghalani, na folda yake ilikuwa imefutwa.

Skrini ni habari nyingine. Draiva za mtindo wa zamani hunakiliwa kutoka ghalani kwenda System32\drivers na kuishi huko. Draiva nyingi za kisasa, hasa za kadi za michoro, huendeshwa humo humo ndani ya FileRepository. Ukifuta folda, hufuti akiba, unafuta draiva yenyewe.

Sasa tarehe. Kwenye Windows 10 za matoleo ya 2020 na baadaye, vifurushi vya Microsoft vinavyokuja na mfumo hubeba tarehe ya 7 Desemba 2019. Aliyepanga kwa umri na kukata kilichozidi miaka miwili alivichukua vyote: USB, diski, kibodi, sauti ya msingi. Hata ukiingia Device Manager tarehe haitakusaidia, kwani draiva nyingi za Microsoft huonyesha 21 Juni 2006 kwa makusudi. Wameziwekea tarehe ya kale ili draiva ya mtengenezaji wa kifaa, ikiwapo, ionekane mpya zaidi na ichaguliwe badala yake. Kwa hiyo draiva ya 2006 inaweza kuwa imesasishwa mwezi uliopita.

Na zile GB 6 zilizotoa GB 2? Mafaili ya vifurushi vya Microsoft yaliyomo ghalani, kwa sehemu kubwa, ni faili moja lenye majina mawili: moja ghalani, moja kwenye folda ya WinSxS, ambako Windows hutunza vipande vyake yenyewe. Ukifuta jina la ghalani, data inabaki kwenye diski chini ya jina la pili. Hakupata nafasi, alipoteza njia tu. Tofauti hiyo ya GB ndiyo iliyonionyesha haraka kwamba vilivyofutwa vilikuwa vya Microsoft zaidi ya vya watengenezaji.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoizima kompyuta tena mpaka kazi za wateja na hesabu za duka zihamishwe. Mwenye duka alikuwa na diski ya nje ambayo mashine inaijua, na hilo lilituokoa, yangu isingesoma. Tulihamisha folda ya Downloads na skani za wateja. Zilikuwa GB 31.

Naomba msomaji aitazame namba hiyo. Diski ilikuwa inakosa nafasi kwa sababu ya GB 31 za vitambulisho, vyeti na fomu za watu ambao walishachukua karatasi zao na kuondoka, na ambazo hazikupaswa kukaa kwenye kompyuta ya kaunta hata wiki moja. Kisha nikazima hibernation, ile hali ya kompyuta kulala kwa kuhifadhi vilivyofunguliwa kwenye diski, kwa amri ya powercfg /h off, na faili la hiberfil.sys, ambalo kwa kawaida hushika kama asilimia 40 ya RAM, likaachia GB 3.2. Tatizo la kuprinti lilikuwa limekwisha kabla hatujagusa draiva hata moja.

Baada ya hapo nilisoma faili la C:\Windows\INF\setupapi.dev.log, ambamo Windows huandika kila jaribio la kuweka kifaa. Flashi zote za asubuhi zilikuwemo, kila moja ikiishia kwenye kifurushi kisichopatikana. Mafundi wengi hatulifungui faili hili, tunabahatisha. Dakika kumi za kulisoma zilinihakikishia kwamba vifaa vyenyewe ni vizima.

Njia zilikuwa nne. Ya kwanza, kupiga Windows upya. Niliikataa kwa sababu programu ya hesabu ya duka ilinunuliwa na CD yake ilishapotea. Ya pili, alipendekeza kijana: kunakili FileRepository kutoka kompyuta nyingine ya duka. Wazo linavutia, lakini daftari lililo kwenye rejista ya mashine hii halilingani na ghala la mashine ile; namba za oem ni tofauti, mikia ya majina ni tofauti, na ruhusa za folda zingevurugika zaidi. Ya tatu, amri za ukarabati:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Hizi nilizijaribu, kwa intaneti ya simu. Zilirudisha sehemu: flashi moja ya mteja ilisoma, nyingine ikakataa. Kwa mashine ya biashara nusu haitoshi, maana hujui nusu iliyobaki itajitokeza siku gani.

Ikabaki ya nne: kuendesha setup.exe ya Windows 10 ukiwa ndani ya Windows yenyewe, ukichagua kubakiza mafaili na programu. Njia hii hujenga mfumo upya pamoja na vifurushi vyote vya Microsoft, bila kugusa kazi za mtu. Nilitayarisha mafaili ya usakinishaji kwenye laptop yangu na kuyaweka kwenye flashi ile ile ya duka iliyokuwa inajulikana. Hapa nami nilikosea. Niliweka toleo la Kiingereza cha kimataifa, kumbe mashine ilikuwa na Kiingereza cha Marekani, na chaguo la kubakiza programu likawa limefifia, halibonyezeki. Lugha na toleo lazima vilingane. Saa nzima ilipotea kushusha toleo sahihi kwa bando.

Kabla ya kuanza niliondoa programu ya kutafuta draiva na zile mbili zilizokuja nayo. Draiva nyingi huendeshwa katika kiini cha mfumo, mahali ambapo hata antivirasi haina mamlaka makubwa kuliko yake; kitu kilichoingia huko bila mwenyewe kujua hakifai kubaki, hata kama hakijaonyesha ubaya.

Usafishaji wa safari hii

Usakinishaji ulichukua saa moja na dakika ishirini. Flashi zikasoma, na draiva ya michoro ikarudi kupitia Windows Update. Lakini vifurushi vya zamani vya watengenezaji vilikuwa bado vipo, na vingine kweli vilikuwa mzigo: matoleo matatu ya draiva ya michoro, kila moja likizidi GB 1, na draiva za printa ambazo zilishauzwa. Nilikaa na kijana tukaifanya kazi aliyotaka kuifanya tangu mwanzo.

Tulianza na orodha na akiba kwa pnputil, chombo cha Windows cha kusimamia ghala la draiva, kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi:

pnputil /enum-drivers > D:\orodha.txt
pnputil /export-driver * D:\draiva_akiba

Amri ya pili hunakili vifurushi vyote vya watengenezaji kwenye diski ya nje. Folda ya kupokelea iwepo tayari. Ikitokea tumefuta kisichopaswa, pnputil /add-driver itakirudisha. Tukaweka na alama ya kurejeshea mfumo, kwa sababu akiba ya draiva hairudishi mipangilio ya kifaa.

Kisha tukaiachia Windows ifanye sehemu yake. Ukifungua Disk Cleanup, ukabonyeza kitufe cha kusafisha mafaili ya mfumo, utakuta mstari wa “Device driver packages”. Huo huondoa matoleo ambayo Windows yenyewe inajua yamepitwa. Uliondoa GB 2.3. Wapo wanaotumia Driver Store Explorer, programu huria inayoonyesha ghala kwa mpangilio mzuri na matoleo yaliyorundikana. Ni chombo kizuri, ila kitufe chake cha kuchagua za zamani hakijui dukani kwako kuna nini kabatini.

Yaliyobaki tulifuta moja moja, tukisoma orodha:

pnputil /delete-driver oem23.inf

Bila /force, neno la kulazimisha ufutaji. Hii ndiyo sehemu niliyomrudia kijana mara tatu. Ukiiandika hivyo, Windows hukagua kama kuna kifaa kinachotumia kifurushi, na kama kipo hukataa. Oem17.inf ilikataa, tukaiacha. Kukataa huko ndiyo taarifa unayoihitaji, na neno force huizima.

Draiva za printa zina njia yake, kwa kuwa huwa na nakala pia chini ya System32\spool\drivers. Tulifungua dirisha la draiva za printa kwa amri ya printui /s /t2, tukachagua printa zilizoondoka dukani, tukaondoa draiva pamoja na kifurushi chake. Moja ilisema inatumika ingawa printa yake haipo. Tukasimamisha huduma ya Print Spooler, inayopanga kazi za printa, tukaiwasha, ikakubali.

Baada ya kila vifurushi vitatu au vinne tulizima na kuwasha, tukajaribu kuprinti, kuskani, flashi. Inachosha. Lakini kikiharibika kitu unajua ni kipi kati ya vinne.

Matokeo

Duka lilifunguliwa kesho yake asubuhi likiwa na nafasi ya GB 38. Hasara ilikuwa siku moja ya mauzo katika wiki yenye mauzo mengi, bando, na malipo yangu. Hakuna kazi ya mteja iliyopotea. Usakinishaji uliacha folda ya Windows.old, ambayo tuliiacha makusudi. Windows huifuta yenyewe baada ya siku kumi, na siku hizo ni nafasi yako ya kurudi nyuma.

Uchambuzi

Kijana huyu hakuwa mzembe. Alipima kabla ya kufuta, jambo ambalo wengi hawafanyi, na alifanya kazi baada ya saa za duka. Kilichomwangusha ni kuamini kwamba ukubwa na tarehe vinatosha kusema kitu gani hakihitajiki. Kwenye folda ya picha vinatosha. Kwenye ghala la draiva, anayejua nani anamtegemea nani ni daftari, na daftari husomwa kwa pnputil, kwa Disk Cleanup, kwa Device Manager, si kwa dirisha la mafaili. Windows ilipomkatalia ruhusa, ilikuwa inamwambia hivyo. Maelezo aliyoyapata mtandaoni yalimfundisha kuvunja kufuli bila kumweleza kufuli liliwekwa kwa nini, na hayo ndiyo ninayoyalaumu kuliko yeye.

Kosa la pili, na kwa maoni yangu kubwa zaidi, ni la asubuhi: kuongeza draiva kumi na moja juu ya ghala lililovunjika. Mpaka hapo uharibifu ulikuwa wa aina moja, unaoelezeka. Baada ya programu ile nililazimika kutenganisha kilichokosekana na kilichoongezwa. Lakini foleni ilikuwa mbele yake, na sijui fundi ambaye hajawahi kubonyeza kitu kwa sababu ya macho ya wateja.

Kwa upande wangu, kusoma setupapi.dev.log kabla ya kugusa draiva yoyote kulifaa, na kuhamisha data kwanza kulifaa. Kujaribu sfc na DISM sijutii, ingawa hazikumaliza kazi. Kutokagua lugha ya Windows ni uzembe uliomgharimu mteja saa moja: amri ya dism /online /get-intl ingenionyesha kwa sekunde chache.

Kuna jambo ambalo hakuna programu ingeligundua. Katika orodha palikuwa na kifurushi cha skana ya kioo, oem9.inf, cha miaka mingi. Kwenye Device Manager, ukiwasha chaguo la kuonyesha vifaa vilivyofichwa, skana ilionekana imefifia, yaani haijachomekwa. Nilikuwa nimeshaiwekea alama ya kuondoa. Nikamwuliza mwenye duka.

“Hiyo ipo kabatini,” akasema. “Tunaitoa wakati wa usajili wa mitihani, picha zake ni safi kuliko za hii mashine kubwa.”

Mtengenezaji hatoi tena draiva ya skana hiyo. Kabla ya akiba tuliyochukua, kifurushi kile ghalani kilikuwa nakala pekee waliyokuwa nayo. Kilinusurika kwa sababu ndogo sana: Windows iliposakinishwa upya mara ya mwisho, kabla ya kisa hiki, kiliwekwa tena, hivyo folda yake ilikuwa na tarehe ya chini ya miaka miwili na kijana hakuifuta. Tuliitoa skana kabatini, tukaichomeka, ikaskani. Folda ya oem9 sasa ipo sehemu tatu: ghalani, kwenye diski ya nje, na kwenye flashi iliyofungwa kwa mpira juu ya skana yenyewe.